Mabenki na swopu za riba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Silicon Valley Bank ya California ilianguka Machi 2023, siku mbili tu baada ya kutangaza kwamba inatafuta mtaji. Mali zake nyingi zilikuwa hatifungani za serikali ya Marekani na nyingine zenye udhamini wa taasisi za serikali hiyo. Wakopaji wake hawakuwa wamekimbia, na hakuna aliyevunja kasha lake. Riba ilipanda, basi. Chombo cha kujikinga na riba, yaani swopu, kilikuwepo sokoni, benki ilikuwa nacho, ikakiachia. Kwa sababu hiyo kisa chake kimepewa nafasi kubwa humu kuliko vingine. Majibu ni ya mtu anayejua mkopo na amana ni nini, na hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha.

Swopu ya riba ni kitu gani?

Ni mkataba ambao pande mbili zinabadilishana malipo ya riba kwa muda waliokubaliana. Mmoja analipa riba thabiti, yaani isiyobadilika, tuseme asilimia 4 kwa mwaka kwa miaka 5. Mwenzake analipa riba inayopanda na kushuka pamoja na soko. Riba zote mbili zinapigwa juu ya kiasi kimoja kilichoandikwa kwenye mkataba, mathalani dola milioni 100. Kiasi hicho hakitoki mfukoni mwa yeyote. Kipo kwa ajili ya kupigia hesabu, na humu tutakiita kiasi cha hesabu.

Siku ya malipo ikifika, wanatazama nani anadaiwa zaidi, na huyo analipa tofauti. Riba ya soko ikiwa asilimia 5.3, aliyeahidi kulipa 4 anapokea asilimia 1.3, ambayo ni dola milioni 1.3 kwa mwaka, au kama 325,000 kila robo mwaka. Soko likishuka hadi asilimia 2, sasa yeye ndiye anayetoa dola milioni 2 kwa mwaka.

Hiyo riba ya soko inatangazwa na nani?

Inategemea sarafu. Kwa dola, kipimo kinachotumika leo ni SOFR, kinachotolewa na Benki Kuu ya Marekani tawi la New York tangu Aprili 2018. Kinatokana na mikopo halisi ya usiku mmoja inayowekewa rehani ya hatifungani za serikali. Pauni ina SONIA. Euro ina €STR na EURIBOR.

Zamani wote walitazama LIBOR ya London. Ile ilikuwa riba ya kuulizana: mabenki makubwa yalisema kila asubuhi yanadhani yangekopa kwa riba gani. Mfumo wa kuulizana unaalika uongo, na uongo ulikuja. Barclays ilitozwa faini Juni 2012, na wengine wakafuata. LIBOR ya dola iliyotokana na majibu ya mabenki ilikoma tarehe 30 Juni 2023, na mikataba iliyokuwa imeitegemea ikahamishiwa kwenye vipimo vipya.

Benki inakopa kwa bei nafuu na kukopesha kwa bei ya juu. Hatari iko wapi?

Iko kwenye muda. Amana ya mteja inaweza kuondoka kesho asubuhi, ilhali mkopo wa nyumba uliotolewa leo utalipwa kwa miaka 15, 20 au 30. Mkopo ukiwa wa riba thabiti, kipato cha benki kimeshafungwa. Gharama ya amana haijafungwa. Riba za soko zikipanda, wenye amana wanadai zaidi au wanahama, na ile tofauti ambayo benki huishi kwayo inasinyaa.

Wamarekani walilipa karo ya somo hili mapema. Benki Kuu yao chini ya Paul Volcker ilipandisha riba ili kuuvunja mfumuko wa bei, na mwaka 1981 riba ya mikopo ya usiku mmoja baina ya mabenki ikapita asilimia 19. Vyama vya akiba vilivyokopesha nyumba kwa miaka 30 vilikuwa vimeshika mikopo ya riba za zamani, za chini mno. Vikajikuta vinawalipa waweka akiba zaidi ya vinachokusanya kwa wakopaji. Kati ya 1986 na 1995 vyama zaidi ya 1,000 vilifungwa. Mikopo mibovu na ulaghai vilichangia sana, lakini shimo la kwanza lilichimbwa na riba, na wengi waliingia kwenye mikopo ya kubahatisha wakitafuta namna ya kulifukia.

Swopu zilizaliwa katika kipindi hichohicho. Mwaka 1981 Benki ya Dunia na kampuni ya IBM zilibadilishana malipo ya madeni ya sarafu tofauti, mpango uliosukwa na Salomon Brothers, benki ya uwekezaji ya New York. Swopu za riba ndani ya sarafu moja zikaja mara tu baadaye.

Nionyesheni kwa namba swopu inavyoikinga benki.

Chukua benki iliyokopesha dola milioni 100 kwa miaka 5 kwa riba thabiti ya asilimia 5. Inalipa wenye amana nusu asilimia chini ya SOFR.

SOFR ikiwa asilimia 2, amana zinaigharimu 1.5, na kinachobaki ni asilimia 3.5. Sherehe. SOFR ikipanda hadi 5.3, amana zinagharimu 4.8, na kinachobaki ni asilimia 0.2, ambayo haitoshi hata kulipa walinzi. Ikifika 6, benki inakopesha kwa hasara ya nusu asilimia, na mkopo bado una miaka ya kuishi.

Sasa weka swopu: benki inalipa asilimia 4 thabiti na kupokea SOFR. Kutoka kwa mkopaji inapata 5, inatoa 4 kwenye swopu, inabaki na 1. Inapokea SOFR, inawalipa wenye amana SOFR kutoa nusu, inabaki na nusu. Jumla ni asilimia 1.5. SOFR iwe 2, iwe 5.3, iwe 6, jibu ni lilelile.

Kwa hiyo benki imejinyima ile asilimia 3.5 ya wakati riba iko chini?

Ndiyo, na hapa ndipo mijadala mikali ya kamati za mali na madeni inapowakia. Mwaka ambao riba zimeshuka, swopu hii itaonekana kwenye vitabu kama kidonda: kila robo mwaka fedha zinatoka. Mjumbe wa bodi asiyeielewa atauliza nani aliidhinisha upuuzi huu. Jibu ni kwamba fedha zinazotoka kwenye swopu zinaingia kupitia amana zilizokuwa nafuu. Ukitazama swopu peke yake bila kitu inachokilinda, utaihukumu vibaya mara zote mbili: utaisifu inapoleta fedha na utailaani inapozitoa, na katika hali zote mbili utakuwa umekosea.

Tatizo ni kwamba hasara ya swopu ina mstari wake kwenye taarifa, na faida ya amana nafuu haina. Mtu anayelipwa bonasi kwa mapato ya mwaka huu ana kila sababu ya kuuona mstari mmoja tu.

Je, kila benki inalipa riba thabiti na kupokea inayobadilika?

Hapana. Mabenki mengi yako upande wa pili. Fikiria benki ambayo mikopo yake inafuata soko, lakini ina mabilioni kwenye akaunti za hundi zisizolipwa riba, na wateja wake hawahami kirahisi. Benki hiyo inaumia riba zinaposhuka: mikopo inaleta kidogo, na gharama ya amana haiwezi kushuka chini ya sifuri ilipo tayari. Kinga yake ni kupokea riba thabiti na kulipa inayobadilika.

Mabenki ya Uingereza hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa. Lloyds peke yake imekuwa na mpango wa aina hii unaozidi pauni bilioni 200, unaogawanywa kwa vipande vya miaka mbalimbali ili kila mwezi sehemu ndogo tu iishe na kuwekwa upya kwa riba ya wakati huo. Faida yake inakuja polepole, jambo ambalo kwa benki ni sifa njema.

Kabla ya kuuliza swopu ipi, basi, ni lazima benki ijue inaumia upande gani. Inashangaza ni mara ngapi swali hilo linajibiwa kwa kubahatisha.

Silicon Valley Bank ilikosea wapi hasa?

Tuanze na amana. Wateja wake walikuwa kampuni changa za teknolojia na wawekezaji wao. Fedha zilipomiminika kwenye sekta hiyo, amana zilipanda kutoka dola bilioni 62 hivi mwishoni mwa 2019 hadi bilioni 189 mwishoni mwa 2021. Mikopo ya kutosha ya kuzitumia haikuwepo, kwa hiyo benki ikanunua hatifungani za muda mrefu, nyingi zikiwa zimejengwa juu ya mikopo ya nyumba. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa likileta wastani wa asilimia 1.6 hivi kwa mwaka.

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba. Ilikuwa kati ya 0 na 0.25. Kufikia Februari 2023 ilikuwa kati ya 4.50 na 4.75. Hatifungani inayolipa 1.6 wakati mpya zinalipa zaidi ya 4 haiuziki ila kwa punguzo kubwa. Mwishoni mwa 2022 benki ilikuwa na dola bilioni 91 za hatifungani ilizosema itazishika hadi ziive, yaani hadi muda wake uishe na deni lirudishwe, na bei yake sokoni ilikuwa pungufu kwa dola bilioni 15. Mtaji wote wa benki ulikuwa bilioni 16.

Swopu je? Mwishoni mwa 2021 ilikuwa na swopu zinazolinda dola bilioni 10 na zaidi za hatifungani zake nyingine, zile ilizoziweka kwenye fungu la kuuzwa ikibidi. Riba zilipoanza kupanda, swopu hizo zilifanya kazi iliyokusudiwa: zikapata thamani. Menejimenti ikaziuza na kuchukua faida. Mwisho wa 2022 zilikuwa zimebaki za dola milioni 550 hivi. Ripoti ya Benki Kuu ya Marekani ya tarehe 28 Aprili 2023 inaeleza sababu: uongozi ulikuwa ukitazama mapato ya muda mfupi, na hofu yake ilikuwa riba kushuka. Ikaondoa kinga dhidi ya kupanda katikati ya upandaji wa kasi kuliko wote kwa miaka 40.

Kuna jambo jingine katika ripoti hiyo ambalo kwangu linatisha zaidi. Vipimo vya ndani vya benki vilionyesha kwamba imevuka mipaka yake yenyewe ya hatari ya riba. Aprili 2022, badala ya kurekebisha mizania, walibadilisha dhana ndani ya kipimo: wakasema amana zitakaa muda mrefu zaidi ya walivyodhani awali. Kipimo kikatulia. Mwezi huohuo mkuu wa kitengo cha hatari aliondoka kwenye nafasi yake, na mrithi hakupatikana hadi Januari 2023.

Tarehe 8 Machi 2023 benki ilitangaza kwamba imeuza hatifungani za dola bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8 na kwamba inatafuta mtaji. Tarehe 9 wateja walitoa bilioni 42. Maombi ya siku iliyofuata yalikadiriwa kufika bilioni 100. Tarehe 10 ikafungwa. Zaidi ya asilimia 90 ya amana zilikuwa juu ya kikomo cha bima cha dola 250,000, kwa hiyo kila mwenye akaunti alikuwa na sababu ya kukimbia kabla ya mwenzake.

Swopu zingeiokoa?

Zingepunguza shimo sana, lakini hesabu si ya moja kwa moja. Hatifungani za fungu lile kubwa zilikuwa na urefu wa kihesabu wa miaka 6 na kidogo. Kwa lugha ya wanaosimamia fedha za benki, kila riba inapopanda kwa asilimia 1, thamani inashuka kwa asilimia 6 hivi. Kwa bilioni 91 hiyo ni zaidi ya bilioni 5 kwa kila asilimia moja. Swopu za ukubwa na muda unaolingana zingepata karibu hichohicho.

Kulikuwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni gharama. Mwaka 2021 riba za usiku mmoja zilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo anayelipa riba thabiti alikuwa akitoa fedha kila robo mwaka bila kupokea kitu cha maana. Kipato cha asilimia 1.6 kingeliwa nusu au zaidi. Menejimenti iliyowaahidi wenye hisa ukuaji haipendi dawa hiyo, na ndiyo maana bodi inapaswa kuwa na watu wanaoweza kuilazimisha.

Cha pili ni cha kihasibu. Kanuni za Marekani zinakuruhusu kutozihesabu hasara za bei ukisema hatifungani utaishika hadi iive. Kwa upande mwingine, ukishasema hivyo huruhusiwi kuihesabu swopu kama kinga ya riba ya hatifungani hiyo. Swopu itasimama peke yake kwenye vitabu, ikipandisha na kushusha faida kila robo mwaka, huku kitu inachokilinda kikiwa kimya. Ilibidi wachague kati ya kulifunika tatizo na kulikinga. Walilifunika.

Na hata kwa kinga kamili, wateja wanaofanana, wanaojuana na wanaoweza kuhamisha fedha kwa simu wangebaki kuwa hatari. Swopu hailindi dhidi ya wateja kuondoka.

Nilidhani mabenki yote makubwa ya Marekani yanajikinga kwa swopu. Si kweli?

Yanatumia swopu kwa wingi, ila matumizi mengi ni ya uchuuzi: benki inamuuzia mteja mmoja na kununua kwa mwingine, ikila tofauti. Watafiti waliochambua mabenki makubwa ya huko baada ya 2023 walikuta kwamba ukijumlisha na kutoa, swopu zote za benki ya kawaida zinakaribia kufutana, na zinapunguza kidogo sana hatari ya riba kwenye mizania yake. Mengi yanategemea uzito wa amana zisizohama. Kwa mengi dau hilo lilifaulu mwaka 2023.

Mbona inasemwa soko hili lina dola trilioni 500? Hizo fedha ziko wapi?

Hazipo. Takwimu za Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoko Basel, zinazozidi trilioni 500 kwa mikataba ya riba ni jumla ya kiasi cha hesabu, ile namba isiyohama. Thamani ya kufidiana mikataba ikivunjwa leo ni sehemu ndogo sana ya hapo. Kuwatisha watu kwa trilioni hizo ni mchezo wa vichwa vya habari.

Upande wa pili akifilisika kabla ya miaka 5 kwisha?

Unabaki bila kinga siku ambayo pengine unaihitaji zaidi, na ikiwa swopu ilikuwa na faida kwako, umepoteza faida hiyo. Njia ya zamani ya kulipunguza hili ilikuwa mkataba mama wa ISDA, chama cha wafanyabiashara wa mikataba hii kilichoundwa 1985: madai yote kati ya pande mbili yanajumlishwa na kubaki deni moja.

Njia ya sasa ni kuweka taasisi katikati. Ukishakubaliana na mwenzako, mkataba unagawanywa: wewe na taasisi, taasisi na mwenzako. LCH ya London imekuwa ikifanya hivyo kwa swopu tangu 1999. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilipoanguka Septemba 2008, LCH ilirithi swopu zake zipatazo 66,000 zenye kiasi cha hesabu cha dola trilioni 9, ikazihamisha zote kwa wengine ndani ya wiki chache, na dhamana iliyowekwa na Lehman yenyewe ikatosha. Mwaka mmoja baadaye viongozi wa G20 walipokutana Pittsburgh waliazimia mikataba ya kawaida ipitie njia hiyo. Hatari haijatoweka, imekusanywa mahali pachache ambapo wadhibiti wanaweza kuisimamia, na ambapo kosa moja litakuwa kubwa mno.

Kama kila kitu kimewekewa dhamana, hatari nyingine ni ipi?

Dhamana yenyewe. Swopu inathaminiwa kila siku, na anayepata hasara ya karatasi anatakiwa kuweka fedha taslimu, mara nyingi ndani ya siku moja. Kwa swopu yetu ya dola milioni 100 ya miaka 5, riba ikisogea asilimia 1 dhidi yako, utatakiwa kutoa kama dola milioni 4.4. Huenda mikopo unayoilinda imepata thamani ya kiasi hichohicho. Vizuri, lakini huwezi kuibeba thamani ya mikopo kwenda kuilipia dhamana.

Mifuko ya pensheni ya Uingereza iliyaona haya Septemba 2022. Ilikuwa imejikinga dhidi ya riba kushuka, kwa swopu na kwa kukopa juu ya hatifungani. Baada ya bajeti ndogo ya serikali ya Liz Truss riba za muda mrefu ziliruka, na madai ya dhamana yakaja kwa mkupuo. Mifuko ikauza hatifungani ili kupata fedha taslimu, mauzo yakazidi kushusha bei, na madai mapya yakafuata. Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza iliingia sokoni kununua, na ilipomaliza katikati ya Oktoba ilikuwa imenunua kwa pauni bilioni 19.3. Kwenye karatasi mifuko mingi ilikuwa salama kuliko awali, kwa kuwa madeni yake ya pensheni yalikuwa yamepungua thamani. Mfukoni ilikuwa hoi.

Je, kinga inaweza kukaa upande, isilingane na inachokilinda?

Mara nyingi inakaa upande kidogo. Swopu yako inafuata SOFR, amana zako zinafuata kile ambacho jirani anawapa wateja. Viwili hivyo hutembea pamoja hadi siku ya msukosuko. Halafu kuna wakopaji wanaolipa mapema: Mmarekani mwenye mkopo wa nyumba wa riba thabiti ana haki ya kuulipa na kuchukua mpya riba zinaposhuka. Mkopo umekwenda, swopu imebaki, na benki sasa inalipa riba thabiti kulinda kitu ambacho haina.

Mimi ni mfanyabiashara. Benki inataka nichukue swopu pamoja na mkopo. Nikubali?

Kwanza uliza gharama ya kutoka. Swali hilo lingewaokoa wamiliki wengi wa hoteli, mashamba na maduka wa Uingereza. Kabla ya 2008 waliuziwa swopu zikielezwa kama ulinzi dhidi ya riba kupanda. Riba zikaporomoka. Wakabaki wanalipa riba ya juu, na waliotaka kujitoa wakaambiwa faini ambayo wengine waliilinganisha na mkopo wenyewe. Kuna waliokuta swopu yao ni ya miaka mingi kuliko mkopo. Mwaka 2012 mdhibiti wa huduma za fedha wa huko alikubaliana na mabenki ya Barclays, HSBC, Lloyds na RBS, kisha mengine, yapitie upya mauzo hayo, na fidia ikafika kama pauni bilioni 2.2.

Swali la pili linawahusu zaidi maofisa wa halmashauri, mashirika ya umma na ushirika: je, sheria iliyokuunda inakuruhusu? Halmashauri ya Hammersmith and Fulham ya London iliingia kwenye mamia ya swopu miaka ya 1980, nyingi zikiwa za kubahatisha. Januari 1991 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, wakati ule ikiwa sehemu ya Baraza la Malodi, iliamua kwamba halmashauri haikuwa na mamlaka hayo. Mikataba ikawa batili tangu mwanzo, mabenki yakabeba hasara, na kesi za kudaiana zikaendelea kwa miaka.

Kwa nini hatuzisikii swopu Nairobi wala Dar es Salaam?

Swopu ya shilingi inahitaji riba ya kutazamwa ambayo pande zote zinaiamini, na bei za muda mrefu za kulinganishia. Hivyo ndivyo vinavyojengwa sasa. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza sera kwa riba ya benki kuu Januari 2024, ikianzia asilimia 5.5. Benki Kuu ya Kenya imeelekeza kwamba kuanzia Septemba 2025 mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika ipangwe juu ya KESONIA, wastani wa riba ya usiku mmoja baina ya mabenki, pamoja na nyongeza ya benki husika.

Sababu nyingine ni kwamba mikataba mingi ya mikopo ya kwetu inaipa benki haki ya kubadilisha riba kwa barua. Hatari ya riba inabebwa na mkopaji, na benki haioni haja ya kununua kinga. Inapoumia ni kwenye hatifungani za serikali, ambazo mabenki ya eneo hili hushika kwa wingi. Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilipopanda kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi 13 Februari 2024, bei za hatifungani za zamani zilishuka kwa hesabu ileile iliyoiangusha benki ya California. Tofauti ilikuwa kwenye wenye amana: hawa hawakukimbia.

Mahali ambapo swopu zimekwishaingia ni kwenye mikopo ya dola kutoka kwa wafadhili wa nje kama IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia inayokopesha sekta binafsi. Mikopo hiyo kwa kawaida hufuata SOFR. Kuna pia TCX, mfuko ulioanzishwa Amsterdam mwaka 2007 na taasisi za fedha za maendeleo, unaouza swopu za sarafu zisizo na soko kubwa ili mkopaji wa Afrika asibebe mzigo wa dola.

Kwa Mwislamu asiyeshughulika na riba, mlango umefungwa?

Swopu ya kawaida haimfai, kwa kuwa kinachobadilishwa ni riba yenyewe. Lakini benki ya Kiislamu nayo ina mapato ya muda mrefu yaliyofungwa na gharama zinazotembea. ISDA pamoja na IIFM ya Bahrain, taasisi inayoweka viwango vya soko la fedha la Kiislamu, zilitoa mkataba mama wa Tahawwut (kinga, kwa Kiarabu) mwaka 2010, na mwaka 2012 zikatoa mfano wa swopu ya viwango vya faida unaopitia mauzo ya bidhaa kwa mtindo wa murabaha, yaani kuuza kwa faida iliyotajwa wazi. Wanazuoni hawajaafikiana: wapo wanaoona ni kinga halali ilimradi kuna biashara halisi ya kulindwa, na wapo wanaoona umbo limebadilika na roho imebaki ileile.

Nikisoma taarifa ya fedha ya benki, nitazame wapi?

Ruka kurasa za picha. Nenda kwenye maelezo ya hatari ya riba na utafute jedwali linaloonyesha faida na mtaji vitabadilikaje riba zikipanda au kushuka kwa asilimia 1 au 2. Ukiona jedwali la faida ya mwaka mmoja tu bila la thamani ya mtaji, ongeza tahadhari, maana hasara ya hatifungani ndefu haijitokezi kwenye mwaka mmoja. Tazama maelezo ya hatifungani zinazoshikwa hadi kuiva na ulinganishe bei ya vitabuni na bei ya soko, halafu weka tofauti hiyo kando ya mtaji. Kwenye maelezo ya mikataba ya kujikinga, linganisha mwaka huu na uliopita. Swopu zikiwa zimepungua ghafla, tafuta kama mali zilizokuwa zinalindwa nazo zimepungua. Mwisho, soma dhana iliyotumika kuhusu muda wa kukaa kwa amana, na uone kama imebadilishwa tangu taarifa iliyopita na kwa sababu gani.